Macho Niliyokukodolea, Mwalimu

Mwalimu wangu mpendwa,

Sina anwani yako, na jina lako la Kikorea sikuwahi kulitamka sawasawa. Sisi wa darasa la ushonaji la kanisa pale Sigor tulikuita Chebet, jina letu la msichana aliyezaliwa mchana, kwa sababu uliwasili mchana, nawe ukaitika bila kinyongo. Nakuandikia hadharani, pengine mwenye habari zako atakusomea. Nina shukrani niliyoichelewesha tangu miaka ya tisini.

Mimi ni yule msichana mrefu wa cherehani ya dirishani, aliyekukodolea macho muhula mzima.

Leo nacheka, lakini wakati ule nilikuwa najitahidi. Binamu yangu Chelangat, aliyefanya kazi nyumbani kwa meneja mzungu huko mashamba ya chai ya Kericho, alinifunda kabla sijaja kwako. "Mgeni muangalie machoni, usipepese," aliniambia. "Ukiangalia chini atasema umeiba kijiko." Kwangu mgeni alikuwa mgeni tu. Uliponionyesha mshono, nilikutazama. Uliponigombeza kwa kola iliyopinda, nilikutazama zaidi, hata macho yakaniuma. Nikaona unakunja uso, nikadhani bado sijatazama vya kutosha.

Sikujua kwamba kwenu Korea kijana akisemeshwa na mkubwa hushusha macho, hasa akigombezwa. Wenzangu waliangalia chini jinsi walivyolelewa, ukawapenda. Mimi niliyelelewa vivyo hivyo ndiye niliyejitia ujuzi.

Ijumaa moja ukaniambia kwamba utazungumza na wazazi wangu, kisha nisirudi tena. Jumamosi nikakuona unapita katikati ya majani chai yetu, viatu vimejaa tope. Baba alikuwa ameuza mtamba wake wa pekee aninunulie cherehani, na kila aliyekutana naye sokoni alielezwa kuwa binti yake atakuwa fundi. Sikuogopa kiboko. Niliogopa kumwona anaaibika.

Ulimpa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, macho chini. Baba alikupenda papo hapo.

"Huyu anakusumbua, Mwalimu?" akauliza, kisha akanigeukia. "Wewe, umemfanyia mwalimu nini?"

Nikaangalia vidole vya miguu yangu. Wewe ulikuwa unanitazama tu. Baba akakupa kiti, akatoka kumwita Mama, aliyekuwa akichuma chai upande wa chini wa shamba.

"Baba akisema, unaangalia chini," ukaniambia. "Mimi nikisema, unaangalia hapa." Ukagusa katikati ya macho yako. "Kwa nini? Mimi si mkubwa?"

Nikakueleza yote, ya Chelangat na ya kijiko. Ukafunika mdomo kwa kiganja, ukacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha ukapangusa macho, ukasema polepole, "Kwetu ni kama kwenu. Mimi nililia mara mbili. Nilisema, huyu mtoto ananidharau."

Sikuwa najua kwamba nimekuliza. Niliona haya, na hata sasa nikikumbuka naona haya.

Baba akarudi na Mama, kikapu kikiwa bado mgongoni mwake. "Haya, Mwalimu. Tuambie, ulikuja na neno gani?"

Nikajua utasema ukweli. Wewe ndiye uliyetufumulisha gauni zima kwa kosa la nusu inchi. Hukuwahi kuita kitu kizuri kama si kizuri, hata cha mke wa mchungaji.

"Hakuna neno, mzee," ukasema. "Nimekuja kusalimia. Mtoto wako ana mkono mzuri." Ukanigeukia. "Na ana adabu."

Baba hakujua aweke wapi mikono yake. Alimwambia Mama achinje kuku, na ukala nasi, na Jumatatu nikarudi kwenye cherehani yangu ya dirishani.

Sasa nina duka langu la ushonaji Londiani. Watoto wangu wamekua kwa kazi ya mikono hii. Asante, Mwalimu. Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu.

Baba alitutoka mwaka huu. Kwenye mazishi, marafiki zake watatu walisimama mmoja baada ya mwingine, na wote wakasimulia kisa kilekile: kwamba mwalimu alitoka Korea mpaka Sigor, akatembea kwa miguu kwenye tope, kuja tu kumsifia binti yake. Alikuwa amewasimulia miaka yote hiyo. Nikainamisha kichwa na kulia, kwa uchungu na kwa shukrani pamoja. Wewe na mimi tu ndio tuliojua kwamba siku aliyojivunia kuliko zote maishani mwake ni siku uliyokuja kunifukuza.

Ukae salama popote ulipo.

Mwanafunzi wako wa dirishani