Mkorea na Tumbo la Baba Neema

Jumatatu, 2 Juni

Nimeamka, nimeomba, nimesuka vichwa viwili kabla ya saa sita. Miguu inauma. Jioni sombe ya majani ya muhogo na samaki, na ugali wa kushiba. Baba Neema alikula matonge matatu, akasukuma sahani. Eti tumbo limejaa. Limejaa nini? Hewa. Mwaka mzima wimbo ni huo huo. Hospitali walimpitishia kamera mpaka ndani, hakuna kidonda, hakuna chochote, wakampa vidonge. Anakonda. Mkanda wake ameutoboa tundu jingine kwa msumari. Mwanaume asipokula chakula cha mke wake, watu wanauliza mke ana shida gani. Hata mimi najiuliza.

Sasa dereva mmoja wa lori kule Clairwood, kwenye ghala anakofanya kazi mume wangu, amemwambia iko Mkorea mtaa wa Morningside anatibu matumbo kwa sindano. Dereva wa lori! Ndiye profesa wetu sasa.

Jumatano, 4 Juni

Nimeenda naye. Sikutaka achomwe peke yake.

Chumba cha nyuma ya nyumba. Kisafi, lakini kinanuka majani ya kuungua. Mkorea mwenyewe ni mzee mfupi, mikono mikavu. Alimpima mapigo mkono wa kulia, halafu wa kushoto, kama vile mtu ana mioyo miwili. Akaangalia ulimi. Akamlaza, akamfinya chini ya kifua. Baba Neema akaruka. Mkorea akafurahi. Eti hapo pamekaza, pamepoa, chakula kinasimama njiani. Kamera ya hospitali haikuona, kidole chake kimeona. Haya.

Sindano akachoma mkononi na chini ya goti. Tumbo liko hapa, fundi anatengeneza mguu! Halafu akaweka kikombe kidogo juu ya kitovu, ndani yake majani makavu, akawasha. Moshi ukapanda. Mume wangu amelala pale kama jiko la mishkaki. Nilisema Zaburi moyoni mpaka mwisho.

Akauliza anakulaje. Nikajibu mimi: anakula kama mwanaume, haraka, kimya, kabla ya zamu. Basi amri zikaanza. Uji wa mchele, wa moto, kidogo. Atafune, hata uji. Aache kabla hajashiba. Maji baridi ya frigo marufuku. Na mfuko wa dawa ya kuchemsha. Nimechungulia ndani: tangawizi, mizizi, na maganda ya machungwa. Maganda! Mimi hayo hutupa.

Alhamisi, 5 Juni

Uji. Baba wa watoto watatu, nampikia uji kama anaota meno. Amesema asante. Nimechukia zaidi.

Jumamosi, 7 Juni

Kikundi cha maombi. Niliwaeleza, nikadhani tutacheka pamoja. Mama Furaha, kiongozi wetu, hakucheka. "Moshi juu ya kitovu? Mama Neema, hiyo si dawa, hiyo ni madhabahu! Na wewe unachemsha, jikoni kwako!" Wote wakaguna. Aibu ilinishika. Akanipa chupa ya mafuta ya upako. Ni mafuta ya kula ya kawaida, ila yameombewa.

Nimeyamimina kwenye dawa ya Baba Neema, ile iliyo kwenye chupa ndani ya frigo. Si tone. Nilikuwa na hasira, nikamimina mengi, nikatikisa. Kama iko roho humo, ikimbie.

Sikumwambia.

Jumatatu, 9 Juni

Anatapika. Anahara. Hakwenda kazini. Kikombe cha jana alikunywa amefumba macho, kama kawaida yake kwa ule uchungu.

Mwanzo nilifurahi. Naandika ukweli. Nikamwambia, ona Mkorea wako. Halafu nikamkuta ameegemea ukuta wa bafu, macho yameingia ndani, na furaha ikaisha. Nimempa maji ya chumvi na sukari. Sasa ametulia. Amempigia Mkorea. Mkorea amesema aache dawa, kesho aende, abebe na chupa.

Chupa. Nilitaka ianguke kwenye sinki. Lakini ameilaza karibu na mto wake.

Jumanne, 10 Juni

Mkorea aliimimina kwenye bakuli jeupe. Mafuta yakaelea, ya manjano, kama mchuzi wa kuku. Aliangalia bakuli, akaniangalia mimi. Baba Neema naye akaniangalia. Nikasema ni mafuta ya maombi. Sauti ilitoka ya mtoto.

Mkorea alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni mzee wa kanisa lao. Kila alfajiri yuko kanisani, na kila mgonjwa anamwombea kabla ya sindano. "Mama," akasema, "Mungu tayari ninaye. Mafuta sikuagiza."

Mchawi ningemweza. Mzee wa kanisa anayenicheka, huyo simwezi.

Tulirudi kwa taksi. Tuliposimama kwenye taa za robot karibu na nyumbani, Baba Neema akasema polepole, "Mke wangu ananitilia vitu kwenye kikombe." Basi. Kwetu neno hilo linasemwa kwa wanawake wa limbwata, wanaoroga waume kwa chakula. Leo limesemwa kwangu, mimi ninayefunga na kuomba.

Ijumaa, 13 Juni

Anajipikia. Kwenye jiko langu. Anakoroga uji wake, anachemsha mizizi yake, anaosha sufuria yake. Chupa anaifungia kwenye begi la kazi. Changu hagusi hata chumvi.

Mama Furaha alipiga simu, mafuta yamefanya kazi? Nikamwambia yamefanya. Mume wangu yamempeleka chooni, mimi yamenitoa jikoni. Akasema nina roho ya ukali. Eish. Mwanamke ambaye hata wali wake unaungua.

Jumatano, 18 Juni

Nimepiga magoti mbele yake, nimeomba msamaha. Amesema amesikia. Akaenda kazini na begi lake.

Mashavu yanarudi. Hiyo ndiyo inayoniuma. Yanarudi kwa uji wa mkono wake.

Jumapili, 22 Juni

Baridi leo. Kanisani nilikaa nyuma, mbali na Mama Furaha. Mkorea bado simpendi. Moshi wake umeingia mpaka kwenye mashati.

Jioni Baba Neema aliingia jikoni na mfuko mpya wa dawa. Akasimama nao kidogo. Akauweka mezani mbele yangu. "Mama Neema, nichemshie. Moto mdogo." Akaenda kukaa na watoto.

Nimeosha sufuria vizuri. Nimetia maji, nimetia yale maganda, nimekaa karibu mpaka yamepungua. Niliwasikia wakicheka kule sebuleni.

Hakuja kuchungulia.