Maonyo Aliyoyazima Josué

Jumatatu, 6 Oktoba
Umeme umerudi asubuhi. Nimemaliza sehemu ya dawa za watoto: muuguzi anaingiza uzito, programu inatoa kipimo. Josué ameendesha kikaguzi, kile kinachosoma msimbo wetu wote na kusaka makosa kabla haujatumika. Tumegawana hivyo tangu chuo. Mimi naandika, yeye anakagua. Hakuna onyo hata moja. Amepiga meza: "Iko safi, dada! Ijumaa tunaiweka ku centre de santé ya Ngezi." Namwamini kuliko macho yangu.

Jumatano, 8 Oktoba
Kituo cha afya, Ngezi. Nimekwenda kuwaonyesha wauguzi. Mizani haikuwepo, imepelekwa kwenye chanjo. Wamezoea. Siku kama hizo wanaacha nafasi ya uzito wazi. Nikaiacha wazi pia, kwa mtoto wa kubuni, mchanga. Programu ikatoa kipimo bila kusita. Ilitumia uzito wa mtoto aliyetangulia, wa miaka kumi.
Mama Béatrice, muuguzi mkuu, alicheka: "Weye, mashini yako inataka kuua mutoto?"
Sikucheka. Kosa ni langu. Lakini kosa la namna hii kikaguzi hakikosi kuliona. Mbona kilinyamaza?

Alhamisi, 9 Oktoba
Kilinyamazishwa.
Nimefungua mipangilio ya kikaguzi. Josué amekiamuru kisitaje nafasi iliyoachwa wazi popote. Nimeyawasha maonyo tena. Mstari wangu wa uzito ukatokea wa kwanza.
Nimemuuliza. Hakukana. "Maonyo ilikuwa mingi sana. Weye ungekawisha kazi. Na mutu gani ataacha uzito wazi?"
Kwa hiyo onyo la uzito alilisoma. Alijua ningesimamisha kila kitu, ndiyo maana akanificha. Ananijua vizuri hivyo. Alitumia kunijua kwake dhidi yangu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimempigia Mama Béatrice kabla Josué hajafika na kompyuta. Nimemwambia yote. Asiipokee. Hakuipokea.
Nilipofika huko, Josué ameniita muharibifu mbele ya wauguzi. Namchukia.

Jumapili, 12 Oktoba
Mvua. Uzito ukiachwa wazi, programu sasa inakataa kuendelea. Maonyo mengine bado ni mengi. Nayasoma moja moja, peke yangu.
Mama yangu amepika sombe, majani ya muhogo. Ameuliza kama amuwekee Josué sehemu yake ya kila Jumapili. Nimesema hapana. Ameirudisha kwenye sufuria, akafunika.