Alitoa Maboksi ya Posta Kwanza, Mama Akabaki Majini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na usinicheke, maana swali langu ni la makaratasi lakini limeninyima raha kabisa. Mume wangu ni fundi rangi, na alipokwenda na wenzake kupaka jengo la posta alikuta magunia yametupwa uani, fomu za telegramu, hati za vifurushi, lebo za mifuko ya barua, akaomba akapewa, na tangu hapo hakukoma, kila karatasi chakavu yenye muhuri wa posta lazima ije nyumbani, mpaka chumba cha pili kikajaa maboksi, na mama yangu alipopooza miguu tukamleta kwetu ikabidi alale humo humo. Mama hakulalamika, alimtania tu, "Mkwe wangu, nikifa nibandike stempu, nitafika."

Mvua zilipozidi mto ukafurika mchana nikiwa kazini, nikakimbia nyumbani, nikakuta maboksi yamepangwa barazani kwa jirani, palipoinuka, makavu, na mume wangu anarudi kuchukua mengine, nikamuuliza, "Mama yuko wapi?" akasema, "Kitanda chake kiko juu, maji hayajamfikia." Nilipoingia godoro lilikuwa limeshalowa, mama ameng'ang'ania chandarua, anatetemeka hata kusema hawezi. Tulimtoa, lakini homa ya mapafu ikamshika na hakurudi tena kutoka hospitali. Ndugu zangu niliwaambia mume wangu hakuwepo, na wao wanampa pole kama mtoto wa marehemu. Sasa maboksi ameyarudisha chumbani kwa mama, ananiambia nisiyaguse, wapo watu wanakusanya vitu vya posta. Mshauri, haya makaratasi yana thamani kweli? Maana mafuta ya taa nimeshanunua.

Mfiwa

Dada yangu, pole sana kwa kumpoteza mama.

Nianze na ulichouliza. Ndiyo, wakusanyaji wapo, na si wendawazimu. Karatasi ambazo kila mtu hutupa ndizo hubaki chache, na humo mtu huona jinsi watu walivyokuwa wakitafutana. Mumeo hakukosea kuzipenda. Alikosea kuziokoa kabla ya mtu. Ningekwambia zina thamani ya nyumba nzima, ungemsamehe? Basi swali lako si hilo, na wewe unajua.

Sasa nikugombeze kidogo. Hayo mafuta yatoe nyumbani leo. Katika nyumba hiyo unalala na wewe, na majirani waliokupokelea mizigo mnapakana ukuta kwa ukuta. Na huo uongo kwa ndugu zako umemfunika yeye, umekuelemea wewe. Marehemu alikuwa mama yao pia.

Mwambie mumeo ayahamishe maboksi kwa mikono yake. Ampe mkusanyaji, ayapeleke kwa rafiki, shauri yake, lakini chumbani kwa mama yasikae. Kisha waite ndugu zako, na yeye mwenyewe aseme alichofanya. Usimsaidie maneno. Huenda kweli alidhani muda bado upo, wengi hudhani hivyo, lakini aseme. Akikataa, fungasha nguo zako, nenda kwa ndugu zako ukawaambie wewe.

Na akisema yote, halafu ukaona bado huwezi kukaa naye meza moja, usione aibu. Hilo nalo ni jibu, na hakuna wa kukulazimisha utoe jingine.