Waya Chini ya Kichwa cha Kasiani

Jumatatu, 3 Juni
Chai, dawa ya presha, kisha kazi. Baridi imeshika vidole, kalipa ya kupimia inaniteleza. Chuo cha ufundi wanataka ripoti kabla ya wiki ijayo kwisha: kichwa cha treni cha mfano, cha dizeli, urefu wa mkono mmoja. Je, ubora wake unafaa kuwekwa ukumbini kwao? Wamenichagua mimi kwa sababu nilitengeneza vichwa halisi miaka thelathini pale karakana ya stesheni. Ningekataa kama wangeniambia mapema nani alikiunda. Kasiani. Dereva Kasiani, aliyekufa na treni yake kwenye mteremko wa darajani, miaka kumi na tisa sasa. Ikasemwa alikuwa amelewa.

Mjane wake, Mama Stela, amekileta mwenyewe, amekipakata ndani ya kitenge. Anataka jina la mumewe liandikwe mahali penye heshima, angalau mara moja, kabla naye hajafa. Hakuniangalia usoni. Labda mimi ndiye sikumwangalia.

Jumanne, 4 Juni
Vipimo. Mwili ni bati la debe la mafuta ya kula, limekunjwa bila kovu. Bogi, yaani fremu za magurudumu, ni mbili, kila moja ekseli tatu. Nimelinganisha na vipimo vya kichwa halisi, ninavijua kama jina la mama yangu. Havijapishana popote. Ribiti za upande wa kushoto nimezihesabu zote. Zimetimia. Nani huhesabu ribiti? Mimi. Sikujua kama yeye naye.

Unywele wa brashi umegandia kwenye rangi, juu ya kioo cha mbele. Nimefurahi kuuona. Nimemkata alama mbili.

Alhamisi, 6 Juni
Mwendo. Reli alizitengeneza kwa waya wa shaba, mataruma kwa mti wa mninga. Nimezipanga duara mezani, nikaunganisha betri ya pikipiki. Kinakwenda vizuri mno. Hata kwa mwendo wa kinyonga hakishtuki.

Nikakata umeme. Kikaendelea.

Duara moja na nusu, kimya, ndipo kikasimama. Haiwezekani. Mota inazungusha magurudumu kwa gia ya skrubu, na gia hiyo ikikosa umeme hufunga palepale. Nimefungua gia, nzima. Nimeweka pimamaji juu ya meza, iko sawa. Nimejaribu tena. Duara mbili. Nilinyoosha mkono nikizuie, kisha nikaurudisha. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekigeuza chali. Breki za chini ni pambo tu, hazishiki kitu. Lakini ameziweka zote: vyuma, vishikizo, pini nyembamba kama sindano. Nikachukua lensi.

Bogi ya nyuma, kushoto. Pini haipo. Pana waya, umezungushwa mara tatu, ncha imekunjiwa ndani. Kando yake kwenye fremu kuna alama ya chaki: G yenye mkia.

Gervas ni mimi. G yenye mkia ni yangu. Fundi akishakagua breki alichora alama yake kwenye fremu, na dereva akiiona hakuinama tena kuangalia. Alipanda. Ndivyo tulivyofanya kazi, kwa kuaminiana.

Nimekifunika kwa gazeti, nikatoka nje.

Jumamosi, 8 Juni
Niandike, maana hakuna atakayesoma. Jumatatu ile ya ajali, asubuhi, pini ya breki ilikuwa imekatika, na nyingine haijafika kutoka Tabora. Abiria walishapanda. Nikafunga waya, nikajiambia ni safari moja tu. Nikachora G. Kasiani akaiona, akanipungia mkono, akapanda. Baada ya ajali nilikuwa miongoni mwa tuliokwenda kuondoa vyuma. Waya niliuona mimi wa kwanza. Niliutia mfukoni. Waliponiuliza breki nikasema zilikuwa sawa. Kikabaki kisingizio cha pombe, na sikukipinga.

Leo nimekwenda mtaa wa Makanyagio kwa Mama Stela. Nikamuuliza kama kuna mtu amewahi kukikarabati kichwa hiki. Hakuna, alisema. Kasiani alikimaliza Jumamosi. Jumapili padri alikibariki baada ya misa, wakakifungia sandukuni. Jumatatu akafa. Ufunguo ameuvaa shingoni pamoja na rozari tangu siku hiyo, na sanduku limefunguliwa mwezi uliopita tu.

Njiani nimehesabu siku kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Alikimaliza Jumamosi. Mimi nilifunga waya Jumatatu.

Jumapili, 9 Juni
Misani sikukomunika. Mke wangu Editha ameona, hakosi kitu huyu. Anataka kitu hiki kitoke nyumbani. Kila akifagia anakikuta kimeelekea stesheni, na yeye hukiacha kimeelekea ukuta. Alidhani ni mimi ninayekigeuza. Mimi nilidhani ni yeye.

Chumba kinanuka breki zilizoungua. Harufu hiyo siwezi kuifananisha na nyingine. Editha anadhani naumwa na sitaki kusema. Mficha maradhi kifo humuumbua, kaniambia, kesho twende hospitali. Ningependa sana iwe ni presha.

Jumatatu, 10 Juni
Nimeandika ripoti. "Kasoro: bogi ya nyuma, kushoto, waya badala ya pini. Uzembe wa mtengenezaji. Alama sitini na nane." Nikasaini. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo linaloniudhi.

Kisha nikakijaribu mara ya mwisho. Kilipokolea mwendo nilichomoa nyaya zote mbili kwenye betri, nikatoa na betri yenyewe nje uani. Niliporudi kilikuwa bado kinazunguka. Kimezunguka tangu saa nne hadi adhana ya adhuhuri. Kila kilipofika kona ya dirishani kiliinama kidogo mbele, kama treni inayopokea mteremko. Nilikaa kitini nikikitazama. Naogopa. Nina miaka sabini na moja na naogopa kitu cha bati.

Nimeichana ripoti. Kikasimama.

Jumatano, 12 Juni
Ripoti ya pili. Nimempelekea Mama Stela kabla ya chuo. Alikuwa uani anapepeta mchele. Nikamsomea nikiwa nimesimama: vipimo sahihi, mwendo sahihi. Waya si kosa la mtengenezaji. Kichwa halisi kilikuwa hivyo hivyo asubuhi ile. Niliufunga mimi, nikauficha mimi.

Hakulia. Aliendelea kupepeta hadi mchele wa ungoni ukaisha.

"Nilijua hajalewa," alisema. "Alikunywa uji wangu, akaondoka."

Nikaanza kuomba msamaha. Akaninyamazisha kwa kiganja. Akasema karatasi hiyo nitaisoma mwenyewe Jumamosi, kwenye jumuiya ya kanisa, mbele ya watu wale wale waliomsema mumewe. Nikakubali. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Fundi. Kaweke pini."

Hakunisindikiza.

Ijumaa, 14 Juni
Nimemwambia Editha yote. Ilikuwa jana jioni; leo asubuhi chai ameniwekea.

Pini nimeichonga kwa tupa kutoka msumari wa viatu. Imechukua asubuhi nzima, macho si yale. Nimekata waya. Nimeingiza pini, nikakunja ncha. Alama ya chaki nimeifuta kwa kidole chenye mate, ikatoka mara moja.

Nimekiweka relini. Duara mbili, nikakata umeme. Kimesimama palepale. Nimerudia mara nne. Harufu haipo.

Alama tisini na nane. Unywele wa brashi uko pale pale.

Kipande cha chaki kilikuwa mfukoni, kwa mazoea. Nimekitupa uani. Kesho saa tisa, jumuiya.