Maneno Yako Niliyoyameza

Magokoro, bibi yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo hukuijua, kwa sababu ndiyo niliyokukosea nayo.

Jana kwenye baraza la mashamba pale Keumbu, baba mdogo Ombati, wa ukoo wa mume wako, alisimama akasema, "Serikali ya leo inataka karatasi. Na kwenye karatasi ya wageni wa Katiba, bibi mwenyewe aliomba barabara na zahanati. Habari ya huyu mke wake wa ng'ombe iko wapi?" akimwonyesha mama kwa kidole. Karatasi ikasomwa. Kweli, barabara na zahanati. Wazee wakatazamana, kisha shamba lako likaandikwa kwa jina la Ombati. Lote, Magokoro! Hata migomba ya nyuma ya jiko. Mama aliketi kwenye nyasi kama mtu aliyekatwa miguu. Mimi sikuweza hata kulia.

Karatasi ile ni mdomo wangu.

Unakumbuka, kabla ya bendera mpya ya Uhuru, yule mgeni wa Katiba alivyokaa darasani kwetu akiita watu mmoja mmoja? Aliuliza sisi wa huku tunaita nini maisha mema, ili na sisi tuonekane kwenye Katiba. Mwalimu wangu alikaa kando yake, naye si mtu wa kwetu, Ekegusii, lugha yetu, hakijui. Mimi nikawekwa nitafsiri. Ukashika mkongojo wako ukasema bila haya: maisha mema ni mwanamke asiye na mwana naye awe na jiko lisilozimika. Kwamba ulimtolea mama yangu mahari, ng'ombe wako mwenyewe, azae kwa jina la mwana ambaye hukumpata. Kwamba sheria mpya ituone. Ukanishika kichwa ukasema, "Huyu ndiye."

Nikasema, "Anaomba barabara na zahanati."

Wote waliotangulia walikuwa wameomba hivyo. Yalinitoka tu. Hapana, wacha niseme ukweli, hayakutoka tu. Nilikuwa nimemdanganya mwalimu kwamba baba yangu anafanya kazi kwenye chai Kericho. Wasichana shuleni walikuwa wakinicheka, "Kemunto, baba yako hula nyasi gani?" Basi nikajitafutia baba wa Kericho. Ningetafsiri maneno yako, baba huyo angekufa pale pale mbele ya mwalimu.

Kwa hiyo nikakuua wewe.

Na ulivyofurahi! Njia nzima ulinishika mkono ukirudia, "Buya mono, omwana one." Vizuri sana, mwanangu. Ulinichomea ndizi, ukanipa ile kubwa. Niliila, Magokoro. Niliila yote.

Ombati ameshapanda katani za mpaka. Mstari wake unapita hatua tatu kutoka kaburi lako, na udongo wa kaburi haujakauka.

Alhamisi wazee wa baraza wanasikiliza malalamiko. Mama hajui bado kwamba aliyebadili maneno yako ni mimi. Nitamwambia leo, anichape akitaka. Kesho kabla ya kengele nitamwambia mwalimu kwamba Kericho sina baba, na nitamwomba aje aseme kwamba aliyetafsiri siku ile ni mimi. Unajua sauti yangu, hata kuomba chumvi kwa jirani hupotea. Lakini nitasimama. Nitayasema maneno yako yote, kwa Ekegusii kwanza, kisha Kiswahili, na watakaocheka wacheke.

Pumzika, Magokoro. Jiko lako asubuhi hii nimeliwasha mimi.

Mjukuu wa ng'ombe wako,
Kemunto