Masika ya Mwaka Themanini na Nne

Kimroro, Rombo
Jumapili, 11 Novemba 2001

Dada yangu mpendwa Theodora,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, shemeji na watoto hawajambo, na ule mguu umepungua uvimbe. Sisi huku tunaendelea. Mimi sina ugonjwa isipokuwa uchovu, ambao daktari wa Mawenzi anasema ni umri na sigara. Nilipanda kutoka Moshi juzi Ijumaa. Ninakuandikia kwenye meza ya baba, ile yenye mguu uliofungwa kwa waya.

Umeniuliza mambo mawili: kama ni kweli Kituo cha utafiti kinakutaka wewe, mtoto wa kwanza, uje kufunua kibao chenye jina la baba tarehe mosi Desemba, na kama ni kweli, useme nini siku hiyo. La kwanza ni kweli. Wamekwishachonga jina, na kibao kimefunikwa kitambaa cha kijani mlangoni pa jengo jipya. La pili ndilo limenikalisha hapa tangu baada ya misa.

Ukija hutapatambua. Pale kwenye ghala la chama cha msingi, tulipokuwa tukipanga foleni na magunia ya kahawa, sasa kuna maabara ya vioo. Wapo Wajapani, wapo Wadachi, wapo Wakenya wanaovuka mpaka asubuhi na kurudi kwao jioni, na yupo Mmarekani mmoja anayepima barafu ya mlima na kula kiburu kuliko sisi tuliozaliwa nacho. Mibuni imeng'olewa karibu yote. Bei ilipoanguka, watu walijenga vyumba vya kupangisha mahali pake. Mzee Sirili, yule aliyekuwa akichoma nyama sokoni, sasa anawauzia wageni kahawa, na anaichota kwenye kopo la dukani. Nilimuuliza haoni aibu, akanijibu kwamba aibu aliiuza pamoja na mibuni.

Mkurugenzi wao, mama mmoja Mdachi, aliwahi kunieleza kwa nini walituchagua sisi katika vijiji vyote vya mpakani. Ni kwa sababu ya madaftari ya baba. Tangu Padri alipompa kile kipimamvua mwaka 1951 hadi wiki aliyofariki, baba aliandika mvua ya kila siku, saa tatu asubuhi, bila siku hata moja kukosekana. Hayo nimeyaandika gazetini mara tatu, kwa majivuno.

Sasa nikueleze habari ya maji. Mwaka 1998 Kituo kilijijengea tangi na kuvuta bomba kutoka chemchemi ya juu, ile inayolisha mfongo wetu, mfereji wa kijiji kizima. Kabla ya kuvuta, wataalamu walitafuta katika madaftari masika mabaya kuliko yote, ili wachukue tu kiasi ambacho chemchemi ingeweza kukitoa hata katika mwaka wa namna ile. Walifanya kazi yao kwa uangalifu, siwezi kusema vingine. Lakini mwaka huu mvua imekuwa haba, na mfongo umekauka tangu Agosti. Wanawake wanateremka na ndoo hadi bondeni.

Jana kulikuwa na mkutano. Mtaalamu alibandika michoro ukutani akaeleza kwamba chemchemi imewahi kupita katika miaka mibaya zaidi ya huu, kwa hiyo bomba si sababu. Dominika, yule mliyepokea naye komunyo ya kwanza, akasimama. Alisema amesikia kwamba mvua ya baba yetu, mzee Basili, iko kwenye kompyuta, na anashukuru, ila yeye ana ng'ombe wawili na hao wanakunywa iliyo kwenye ndoo. Watu wakacheka sana. Akanigeukia, akaniuliza mwandishi wa habari mbona leo kalamu imelala. Kisha akauliza kuhusu mwaka 1984. Alisema mwaka ule alikata migomba yake yote akawalisha ng'ombe mashina, kwa kuwa hapakuwa na jani lingine. Mtaalamu akapekua karatasi zake, akamjibu kwa upole kwamba masika ya 1984 yalikuwa mazuri. Dominika akasema kama mzee Basili ameandika hivyo, basi yeye ndiye aliyesahau. Akakaa.

Dominika hakusahau chochote, Dada. Masika yale hayakunyesha. Na hakuandika baba, niliandika mimi.

Unakumbuka baba alilazwa Mawenzi mwezi wa nne, na mama akashuka kumuuguza. Wewe ulikuwa umeshaolewa huko Mbeya. Baba aliniachia kazi moja tu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, na siku zile kila mwenye miguu alikuwa akivusha kahawa kwenda Kenya. Nilikuwa naondoka na mzigo alfajiri, narudi jioni na sabuni. Ningependa kusema ilikuwa kwa ajili ya kumfulia baba. Sabuni nyingine ilikuwa hivyo. Nyingine niliibadilisha kwa redio. Kuanzia tarehe 9 Aprili hadi 21 Mei, siku arobaini na tatu, sikukisoma kipimamvua hata mara moja. Mama aliponitumia habari kwamba wanarudi, nilifungua daftari la mwaka 1979 nikanakili namba zake, nikibadilisha tarehe.

Baba alifika, akaoga, akaomba daftari. Alisoma kurasa mbili. Akatoka akatembea kwenye migomba, akashika majani. Aliporudi aliniuliza kama ninayakumbuka masika ya 1979. Nikasema siyakumbuki. Akasema yeye anayakumbuka. Hakuongeza neno hadi kufa kwake. Zile namba hakuzifuta, nadhani kwa sababu hakuwa na nyingine za kuweka.

Leo kabla ya misa nimempelekea mkurugenzi barua yenye tarehe hizo. Aliisoma amesimama. Alisema hesabu ya maji itafanywa upya, maana mwaka mbaya kuliko yote haukuwamo ndani yake, na kwamba kuhusu kibao hawezi kuniahidi kitu. Kwa hiyo jina la baba huenda likashuka kabla halijafunuliwa. Sikukuomba ruhusa, kwa sababu ungeweza kunikatalia, na ningekutii.

Limebaki moja, nalo ni lako. Mwaka wa mwisho wa baba ulikuja kumuuguza. Ulimwomba akuachie kipimamvua, akakataa. Akatoka mwenyewe na fimbo kwenye matope, akaanguka, ukamwinua, na bado akakunyima daftari. Ulirudi Mbeya ukisema baba hakumwamini mtoto wa kike aliyeishia darasa la saba. Nilikuwepo uliposema, nikanyamaza. Hakuwa anakukataa wewe, Dada. Alikuwa ameshamwachia mtoto wake daftari mara moja.

Kama utakuja, nitakupokea stendi ya Moshi. Kama hutakuja, nitaelewa. Kile kipimamvua bado kipo uani. Nimekisoma leo saa tatu. Hamna kitu, na nimeandika hivyo.

Nisalimie shemeji na watoto wote kwa majina yao. Dominika anakusalimu, ingawa hajui bado ninachokuandikia. Kwake naelekea sasa hivi.

Mdogo wako,
Fabian