Karai Alilolichagua Baba Mkwe Wako

Binti yangu,

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, majiko manne yameniharibikia mikononi, na nyama bado natafuna kwa meno yangu. Hapa wazima, paka amezaa.

Picha ya karai la mgahawa wako nimeiona, na mkono wa baba mkwe wako ulioshika mpini nimeuona. Yaani ulikwenda kuchagua karai na dereva mstaafu, na mimi niliyepikia watu miaka arobaini nipo hai? Sisemi kitu.

Ila hilo karai litanata. Amelipaka mafuta kama anampaka mtoto mchanga. Karai jipya la chuma unalisugua kwa sabuni siku ya kwanza tu, unalichoma mpaka ligeuke bluu, kisha unalipaka mafuta kidogo na kuyafuta kama vile uliyapaka kwa makosa. Unalichoma tena, mpaka liwe jeusi.

Mimi nimenunua la kwangu, kubwa kuliko lake, nimelichoma mwenyewe, na yai linateleza humo. Njoo ulichukue, na siku ya kufungua mgahawa unichukue na mimi. Nisimame jikoni, yeye akae mezani na wageni.

Ukidhani najisifu, muulize jirani yangu mshona nguo. Alianua nguo zake kwa ajili ya moshi wangu, na yai akala yeye. Akikwambia nina wivu, hapo usimsikilize.

Ni mimi baba yako, wa kukuzaa.